Wete hadi Vumawimbi kwa baskeli: panga kutwa yako kwa saa za chungu

Swali: Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu tunakaa Fuoni, Unguja. Mwezi wa Agosti tutakuwa Pemba siku nne, na siku moja tunataka kuzunguka kaskazini kwa baskeli sisi wenyewe, bila mtembeza wageni, tule na tunywe vya huko huko. Mume wangu hupanda baskeli kila siku kwenda kazini. Mimi sijaendesha masafa marefu tangu skuli. Baskeli tutakodi huko. Njia gani inafaa, tubebe nini, na chakula tutakipata wapi?

Jibu:

Wa alaykumu salaam dada. Inawezekana, na Agosti umechagua vizuri: masika yamepita, jua la kipupwe linavumilika, na karafuu zimeanza kuchumwa. Njia inayokufaa ni kutoka Wete kwenda Konde, kupita msitu wa Ngezi hadi ufukwe wa Vumawimbi, kisha kurudi njia ile ile. Wete hadi Konde ni kama kilomita 15, Konde hadi geti la msitu kama 5, na kutoka hapo hadi baharini kama 6. Jumla ni kilomita 50 na kitu kwenda na kurudi. Kwa mwendo wa kilomita 10 hadi 12 kwa saa, pamoja na kushuka na kusukuma milimani, hesabu saa tano za kukanyaga. Zinazobaki ni za kula, kupumzika na kuoga bahari.

Msianzie Chake Chake. Mtaongeza zaidi ya kilomita 20 kila upande, tena penye magari mengi. Mkishuka boti Mkoani, pandeni gari moja kwa moja hadi Wete mlale huko, baskeli mzikague jioni hiyo. Na mnara wa taa wa Ras Kigomasha uacheni safari hii. Kwenye ramani unaonekana uko jirani na Vumawimbi, lakini ndio unaowafanya watu warudi Konde giza limeingia.

Sasa jambo lenyewe. Wengi wanaoharibikiwa na siku hii hawashindwi na milima. Wanashindwa kwa kukosa chakula saa wanayokihitaji. Shamba chakula cha kuuzwa kina saa zake. Asubuhi mama lishe wako tayari na chapati, vitumbua, mandazi, mbaazi za nazi, supu na chai. Jioni zinarudi bajia, kachori, muhogo na samaki wa kukaanga. Mchana watu wanakula majumbani mwao. Mkitokea Konde saa nane mkiuliza wali mtaonyeshwa biskuti, na si kwa ubakhili, ni kwamba hakuna aliyepika kwa ajili ya mtu asiyejulikana kama atakuja. Kwa hiyo kula sana asubuhi Wete, na chakula cha mchana kiagizeni Konde mnapopita kwenda.

Kuagiza kwenyewe kuna namna yake. Mkifika Konde mnamo saa mbili na nusu, ulizeni sokoni au kwenye banda la chai nani anapika kwa kuagizwa. Patana bei ya kazi na ya vitu kwa pamoja, mpe pesa ya soko pale pale, na mwambie saa: "Tutakula saa nane na nusu." Bila pesa ya soko, agizo ni maneno tu. Kwa watu wawili wenye njaa ya baskeli inatosha kilo moja ya pweza mbichi, mchele nusu kilo na nazi mbili. Msishangae kilo nzima: pweza akipikwa hunywea hadi karibu nusu yake.

Pweza ana siku zake pia. Tazameni tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 ni bamvua: maji hutoka mbali mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wachokoaji pweza huingia mwambani, na mchana pweza wapo. Siku za maji mafu, tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23, mwamba haukauki vya kutosha na pweza huadimika. Siku hizo agiza samaki. Diko la Tumbe, wanaposhushia samaki wavuvi, liko jirani na Konde, kwa hiyo changu au vibua hawakosekani kirahisi, na muhogo wa nazi kwa vibua wa kukaanga ni chakula cha kumrudisha mtu barabarani kuliko hata wali.

Ukimkuta mpishi anamponda pweza kwa mti kabla ya kumtia chunguni, ujue umefika kwa mjuzi. Hutiwa bila maji, kwani atatoa yake mwenyewe, na huchemka ndani ya maji yale hadi yakauke na uma upenye kwenye shina la mkono. Hapo ndipo tui jepesi linapoingia, na tui zito mwisho, moto ukiwa mdogo, likorogwe lisikatike. Chumvi ikitangulia, pweza hukakamaa. Kazi hiyo ni saa moja na zaidi, ndiyo sababu haiwezi kuanza mkiwa mmeshakaa mkekani.

Turudi kwenye kuondoka. Kaeni kwenye chai saa kumi na mbili na robo, na muwe njiani kabla ya saa moja. Kila mmoja ale chapati mbili au tatu kwa mbaazi. Mandazi peke yake yanakwisha tumboni kabla ya mlima wa tatu. Ukiuona mkate wa mofa, nunua mmoja wa kubeba: unga wa mtama hukaa na mtu, na haupondeki mkobani kama mkate wa dukani. Maji bebeni lita moja na nusu kila mtu, na hesabu ya kutwa ni lita tatu, zinazobaki mtanunua Konde.

Madafu yapo, na ni kinywaji kizuri cha safari, ila yajueni. Kitale kina maji yasiyokolea utamu na hakina nyama. Dafu lenyewe lina maji matamu na nyama laini ya kukomba. Koroma nyama yake imeshakaza na maji yake yanaanza kujaza gesi tumboni, halifai kabla ya kupanda baskeli. Mwambie muuzaji unataka dafu la kukomba, unywe maji kisha akupasulie. Dafu moja halijazi hata chupa ya nusu lita, na chumvi yake ni ndogo kuliko ile unayoitoa kwa jasho. Ukinywa madafu matatu bila kula chochote cha chumvi, kichwa huweza kuuma na misuli ya miguu kukaza. Bajia mbili au kipande cha samaki wa chumvi hutibu jambo hilo, na pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini ya kuchanganya na lita moja ya maji, ikae mkobani kwa dharura.

Juisi ya mabungo, ukiipata baridi, usiipite. Ni chachu kiasi, rangi yake ya machungwa, na Pemba wanaijua kuitengeneza. Kasoro yake ni sukari nyingi, basi glasi moja. Ya muwa yenye ndimu na tangawizi ni nzuri zaidi wakati wa kurudi, nguvu zinapopungua. Kokote, kabla ya kuagiza tazama barafu imetoka wapi na glasi inaoshwa kwa maji gani. Ukiwa na shaka, rudi kwenye dafu, lile halina barafu wala glasi.

Upepo wa Agosti ni wa kusi. Kutoka Wete kwenda kaskazini unakusukuma mgongoni, na asubuhi utajiona hodari kuliko ulivyo. Kurudi uko usoni, na mchana huvuma zaidi. Kwa hiyo usipime nguvu zako kwa ulivyofika Konde. Mtu aliyetumia nusu ya nguvu kufika Vumawimbi ameshatumia nyingi mno.

Njia ya Wete hadi Konde ni vilima na mabonde: mikarafuu juu, mpunga chini, na mteremko mmoja ukiisha mwingine unakungoja kupanda. Wewe usiye na mazoezi ushuke usukume mapema, kabla pumzi haijakata, mume wako akungoje juu kivulini na si katikati ya mlima, maana kuondoka tena mlimani ndiko kunakochosha. Wiki tatu kabla ya safari, endesha Fuoni mara tatu kwa wiki, dakika 40 hadi saa nzima. Mapafu hayatakuwa tatizo. Yatakayolalamika ni makalio na viganja, na hayo hayazoei kwa siku moja.

Kushoto mwa barabara ndiko kwenu, mmoja nyuma ya mwingine. Magari ya abiria husimama ghafla kushusha mtu. Msimu wa karafuu utakuta majamvi yameanikwa pembeni mwa njia. Usipitishe tairi juu yake hata kama gari linakubana, simama. Ni jasho la mtu la wiki nzima. Na msinunue karafuu kavu kwa mkulima njiani, hata za kupikia pilau. Mnunuzi wake kwa sheria ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kesi inayofuatiliwa kweli Pemba. Zawadi tafuteni halua Wete, haina kesi.

Sasa baskeli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu za kukodi kwa watu binafsi zimeshapitia mengi. Chagueni zenye gia na tairi nene, inchi 26 kwa 1.95 au zaidi. Baskeli kubwa ya 28 isiyo na gia ni imara na inabeba mzigo, lakini vilima hivi vitakuweka chini ukisukuma nusu ya siku, na tairi yake nyembamba inazama kwenye mchanga.

Anza na cheni. Ivute mbele kutoka kwenye meno ya gia ya pedeli. Ikiinuka hata nusu ya jino ionekane, imekwisha. Kwa rula ni hivi: toka pini moja hadi ya 24 baada yake, cheni mpya ni sentimita 30.5. Ikifika 30.8, ikatae. Cheni iliyochakaa hukaa kimya kwenye tambarare na huruka meno pale unaposimama kukanyaga mlimani, na goti hupiga usukani.

Breki zijaribu kwa kuisukuma baskeli na kuibana, moja moja. Mkono wa breki usifike kugusa mpini, na mpira wa breki ushike rimu tu. Ukigusa tairi utaichana upande kabla hujafika Konde. Zungusha kila gurudumu hewani. Likiyumba na kusugua upande mmoja, bana spoku mbilimbili kwa vidole, utaiona iliyolegea, na hiyo ni kazi ya fundi ya dakika kumi jioni ile. Shika krenki, yaani mkono unaobeba pedeli, uitikise kulia na kushoto: ikicheza, au ikigonga kila mzunguko, rudisha. Pedeli zikazwe kwa spana namba 15. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, na wengi huilegeza wakidhani wanaikaza. Zote mbili hukazwa kwa kusukuma spana, ikiwa juu, kuelekea mbele ya baskeli.

Kiti pandisha. Ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Karibu kila baskeli ya kukodi kiti chake kiko chini mno, kwa kuwa mwenyewe anapenda kukanyaga ardhi akiwa amekaa. Kwa safari ya sokoni haina neno, kwa kilomita 50 ni maumivu ya magoti.

Bebeni mpira wa ndani mmoja wa kila saizi mliyonayo, viraka sita, solusheni (gundi ya viraka), kipande cha msasa, vibandulio viwili vya tairi, spana ya 15, na pampu ambayo mmeijaribu kwenye valvu zenu wenyewe. Valvu za kizamani za baskeli kubwa huziba kwa kijimpira chembamba, na hicho kikikauka upepo hutoka polepole hata pasipo na tundu. Sentimita tatu za kijimpira hicho zinaokoa siku nzima.

Pancha ikitokea, kabla ya kurudisha mpira pitisha vidole ndani ya tairi pole pole utafute mwiba au kipande cha jiwe la matumbawe. Kikibaki, kitatoboa tena baada ya mita mia. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja dakika tano hadi isinate kidoleni. Hapa ndipo watu hukosea kwa haraka: kiraka kilichobandikwa solusheni ikiwa mbichi hubanduka tairi ikipata joto.

Nguo. Usiendeshe na baibui wala dera linalopwaya, cheni na spoku za nyuma huvuta kitambaa kwa mzunguko mmoja tu. Suruali pana iliyobanwa kifundoni kwa lastiki, kanzu fupi ya magotini na mtandio uliofungwa nyuma vinatosha heshima na usalama. Mume wako avae suruali au kaptura inayofunika magoti. Khanga moja ikae mkobani: ni ya kukalia, ya kujifutia na ya kuvaa baada ya kuoga.

Kutoka Konde kwenda Ngezi ardhi inakuwa tambarare zaidi, na kivuli cha msitu kinaanza. Mkitaka kuingia kwenye vijia vya ndani, lipeni ada ofisini getini. Inafaa kutoa saa moja kwa miguu: mivule mikubwa, mpapindi ambao ni mti wa mwituni wa jamii ya mnazi usiopatikana nje ya Pemba, na bahati ikiwapo popo wa Pemba wametundikwa juu, wenye mabawa ya karibu mita moja na nusu. Baskeli ziacheni ofisini. Barabara mnayoendelea nayo kupita msituni hukaa na unyevu baada ya mvua, na majani yaliyolowa yanateleza zaidi ya tope. Breki ya mbele usiibane ghafla kwenye kona.

Baada ya msitu kuna vijumba vya Makangale, na hapo ndipo pa mwisho pa kununua maji. Vumawimbi msitegemee duka, utakuta labda wavuvi na dago lao, yaani kambi yao ya muda. Njia ya kuingilia ufukweni ni mchanga. Kwenye lami tairi ziwe na upepo wa paundi 40 mbele na 45 nyuma. Hapa punguzeni hadi 25 au 30, tumieni gia nyepesi, uzito uende nyuma, na usukani usiupindue, ukipinduka gurudumu la mbele huchimba na wewe unaruka juu yake. Mchanga ukiwa mzito, shukeni msukume, hakuna anayewatazama. Asiye na pampu asitoe upepo hata kidogo.

Msiendeshe pwani kwenye mchanga uliolowa, japo ndio mgumu na unavutia. Maji ya chumvi yakiingia kwenye cheni na bearingi, mwenye baskeli atalilia kutu wiki ijayo. Ziegesheni kivulini, mbali na jua, kwani viraka vya jana hufumuka kwa joto. Siku za bamvua asubuhi bahari iko mbali, hujaa kuanzia adhuhuri, na hapo kuogelea ni kuzuri. Chakula cha hapa kiwe chepesi, mkate wa mofa, ndizi, chungwa. Pweza anawangoja Konde.

Saa saba muondoke. Rudisheni upepo kwenye tairi mkifika njia ngumu, maana tairi laini kwenye lami hubana mpira wa ndani kwenye rimu na kuutoboa matundu mawili pamoja. Saa nane na nusu mko mkekani Konde. Baada ya kula pumzikeni nusu saa kamili, kahawa chungu na kashata vitawaamsha. Kisha amueni kwa saa, si kwa hamu. Mkiwa bado Konde ikifika saa kumi na nusu, au miguu yako inatetemeka ukisimama, pakieni baskeli juu ya gari ya Wete. Patana nauli ya baskeli kabla haijapandishwa, na uvue pampu na mkoba kwanza. Jua la Agosti linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na baskeli za kukodi hazina taa.

Safari ikiangukia Ijumaa, sogezeni mambo mbele: kuanzia saa sita maduka hufungwa na mpishi wako naye ana nyumba ya kulisha. Mkiahirisha hadi Disemba au Januari, upepo wa kaskazi utageuza hesabu, mtapigwa usoni mkienda na kusukumwa mkirudi, lakini jua ni kali na muondoke na mwanga wa kwanza. Machi hadi Mei msijaribu, Pemba hunyesha zaidi ya Unguja. Na Ramadhani hakuna wa kuwapikia mchana wala mahali pa kulia hadharani, iacheni hadi baada ya Sikukuu.